Taa ya Chunusi Si Singo: Biharusi, Usingoje Wiki ya Mwisho



Kila zinapokaribia harusi za mfunguo mosi, swali linalotufikia kwa wingi si la nguo wala la hina. Ni la uso. Biharusi amebakisha wiki mbili, chunusi zimemjaa mashavuni, na saluni wameshamwambia: njoo ukae chini ya taa, zitaondoka zote. Mwengine yuko tayari kutoa sehemu ya mahari yake. Sisi tunasema: subiri kwanza, dada.

Hatuipingi taa. Mwaka 1903 daktari Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, kwa hivyo jambo lenyewe si la uzushi. Taa za chunusi za leo ni za aina nyengine. Mwanga wa buluu, wa nanomita 415 hivi, huamsha kemikali iliyomo ndani ya bakteria wa chunusi, na kemikali hiyo ikawaua bakteria wenyewe. Mwanga mwekundu huingia ndani zaidi na kutuliza uvimbe. Chunusi zilizovimba za kiasi cha wastani zinaweza kupungua. Vile vidoa vidogo vyeusi na vyeupe haviguswi sana, na majipu makubwa yanayoacha makovu ni ya kupelekwa kwa daktari.

Lakini tumesema kupungua, na kupungua kunataka muda. Kwa kawaida ni mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne au zaidi. Ukiacha, zinaweza kurudi, maana homoni zinazozidisha mafuta ya ngozi haziguswi na taa. Watafiti wa Cochrane walipozipitia tafiti za tiba hii mwaka 2016, walikuta ushahidi madhubuti bado ni haba. Basi anayekuahidi uso safi kwa siku tatu anakuuzia matumaini.

Na liko jambo ambalo matangazo hayalisemi. Ngozi zetu wengi ni za maji ya kunde na nyeusi, na mwanga huo huo wa buluu unaweza kuzidisha weusi kwenye ngozi kama hizi. Chunusi zikaondoka, madoa yakabaki miezi. Biharusi akiyaona madoa, mkono unakwenda wapi? Kwenye krimu ya kujichubua, yenye zebaki au steroidi. Zebaki ni sumu, na steroidi huleta chunusi mpya. Anaingia ukumbini na uso uliochoka kuliko alivyoanza.

Kwa hivyo kabla hujalipa, muulize mhudumu: mwanga huu ni wa rangi gani, nitakuja mara ngapi, na macho yangu utayakinga kwa nini? Suala la macho si dogo. Mwaka 2019 barakoa moja ya taa ya chunusi, iliyouzwa sana, iliondolewa sokoni kwa sababu ya wasiwasi huo. Mwambie pia dawa unazotumia, kwani zipo zinazoifanya ngozi isivumilie mwanga, kama doksisaiklini. Asiyeweza kukujibu, mshukuru na uondoke.

Rai yetu ni hii: tarehe ikishapangwa, daktari wa ngozi aonwe miezi mitatu kabla, hata kabla ya fundi wa nguo. Jeli ya benzoili peroksaidi au adapaleni ndizo dawa ambazo mara nyingi huanziwa nazo, nazo hutaka wiki 8 hadi 12. Mwambie daktari wazi kwamba unaolewa. Usione haya. Vidonge vya isotretinoini huharibu vibaya mtoto tumboni, na mwanamke hatakiwi kushika mimba anapovitumia wala mwezi mmodi baada ya kuviacha. Wangapi kati yetu tulibeba mimba mwezi wa kwanza wa ndoa? Hata adapaleni haishauriwi kwa mjamzito. Hapo ndipo taa ina nafasi yake: haiachi dawa mwilini, na daktari anaweza kuiongeza juu ya tiba nyengine.

Wako wanaosema kushughulikia uso ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Sisi hatuoni hivyo. Chunusi ni maradhi, na Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza tujitibu. Ila kujitibu si kujidhuru, na mahari ni haki yako, si ya mwenye taa.

Na nyinyi mama, masomo na mashangazi, tunawaomba. Singo ipakwe mwilini, lakini uso wenye chunusi usisuguliwe. Kusugua huzidisha uvimbe na madoa. Na maneno ya "uso huu utatoka nao vipi?" yaacheni. Maneno hayo ndiyo yanayomkimbiza mtoto kwenye taa wiki ya mwisho. Aliyekuja kumposa alimuona na chunusi zake, akaridhika.

Mwenyezi Mungu awape mabiharusi wetu ndoa zenye utulivu na huruma. Amin.