Waunda Meli za Angani
Mwaka 2013, kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ilipoacha kuuza Battlefleet Gothic, mchezo wa mezani wa vita vya angani uliotoka 1999, unaochezwa kwa vimeli vidogo, wapenzi wake hawakukunja meza. Walizidi kujichongea meli wenyewe na kuwauzia wenzao. Wengi walipitia Shapeways, kampuni iliyoanzia Uholanzi: mbunifu alipeleka mchoro wa kompyuta, kampuni ikachapa meli na kumtumia mnunuzi. Julai 2024 ikafilisika. Ndiyo maana namsifu mwenye mashine yake ya kuchapa nyumbani, ingawa kazi si nyepesi. Meli yenye urefu wa kidole hujengwa kwa resini tabaka kwa tabaka, kila moja unene wa milimita 0.05 hivi, kisha huoshwa kwa spiriti, hukomazwa kwa mwanga wa urujuanimno, na vijiti vilivyoishikilia hukatwa kimoja kimoja. Glovu ni lazima, maana resini mbichi huwasha ngozi. Mbunifu hodari hutia chumvi makusudi: mizinga huinenepesha, mifereji ya ubavuni huichimba zaidi, kwa kuwa rangi humeza kila kilicho chembamba. Huo ni ustadi wa mtu, na anayenunua faili lake moja kisha akawagawia marafiki bure anamdhulumu fundi, hata kama hakuna aliyemwona. Wateja wapo. Kanuni za Full Thrust, mchezo mwingine wa vita vya angani, kwa mfano, zinakubali meli ya muundo wowote mezani, kwa hiyo hakuna haja ya kunakili meli za filamu zenye wenyewe.