Mama, kodi imeisha!

Mwezi huu naomba tuongee jambo ambalo wengi wetu tunalificha kuliko hata tunavyoficha meseji za kwenye simu. Swali lenyewe ni fupi: bili zako analipa nani?

Naanza na mimi mwenyewe, maana si vizuri kumcheka mwenzio wakati na wewe yalikukuta. Nilipata kazi nikiwa na miaka 25. Mshahara haukuwa wa kutisha, lakini shati lilipigwa pasi, viatu vinang'aa, na Ijumaa jioni ilikuwa haipiti bila mimi kuonekana viwanjani na washikaji. Halafu kila baada ya miezi sita nampigia simu mama yangu, fundi cherehani, yuko Morogoro. Baada ya shikamoo na habari za kuku, nasema maneno yale yale: "Mama, kodi imeisha." Mama hakuwahi kuniuliza mshahara unakwenda wapi. Alikuwa anajibu tu, "Sawa baba, ngoja niangalie." Wiki haiishi, hela imeingia.

Nikaoa. Nikajiambia sasa naacha. Sikuacha. Mke wangu alikuwa anajua kodi nalipa mimi, na mimi nilikuwa napokea sifa zangu kama kawaida, kwamba mume wake hajawahi kugongewa mlango na mwenye nyumba. Mpaka siku aliyokwenda Morogoro peke yake kumsalimia mama mkwe. Aliporudi hakufoka. Aliweka begi chini, akakaa, akaniuliza: "Unajua mama siku hizi anamwomba mtoto wa jirani amtungie uzi kwenye sindano?"

Nikasema labda uzee. Akasema, "Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishamwambia afanyiwe upasuaji tangu mwaka jana. Amesema anasubiri kwanza, kuna kodi ya kijana wake Dar."

Msomaji wangu, usiku ule sikulala. Mke wangu naye hakulala, ila tofauti ni kwamba yeye alikuwa anawaza mambo mawili: macho ya mama, na mwanaume aliyeolewa naye ni nani hasa.

Mwisho ni lini?

Wengine watasema sheria ipo wazi. Kweli, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Lakini sisi wenyewe tunajua, kwa wengi miaka 18 ndiyo kwanza umemaliza kidato cha nne au unahangaika na kidato cha tano. Ukimwambia mzazi wa Kitanzania amwache hapo, atakuuliza wewe una akili timamu? Bado kuna chuo, na baada ya chuo kuna kuzunguka na bahasha ya vyeti mpaka soli inaisha. Huyo anayetafuta kazi simsemi. Huyo bado ni mzigo halali, na wazazi wengi wanaubeba kwa moyo.

Namsema yule ambaye mshahara unaingia kila mwezi, hata kama ni mdogo. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kama jembe unalo mkononi na bado unangoja kupakuliwa, hapo ndipo pa kusimama. Na ukishaoa au kuolewa, kwa maoni yangu hapo hakuna mjadala. Nyumba yenu ni yenu, na LUKU yake ni yenu.

Tuwe wakweli kuhusu hela

Sasa usidhani nawaona vijana wote wavivu. Tuchukue mfano wa kijana mwenye mshahara wa shilingi 600,000 aliyesoma kwa mkopo wa serikali. Asilimia 10 inakwenda mfuko wa hifadhi ya jamii, hiyo ni 60,000. Kodi ya mapato, kama 24,000. Bodi ya Mikopo nao wanakata asilimia 15 ya mshahara, 90,000. Anabakiwa na 426,000. Hapo hajapanda daladala, hajala, na harusi tatu zinadai mchango.

Halafu anakuja mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo. Chumba na sebule cha 150,000 kinakuwa 900,000 taslimu mkononi. Nani ana hela hiyo? Ndiyo maana simu ya kwanza inakwenda kwa mama.

Lakini angalia vizuri. Ile 150,000 ya mwezi kijana anaiweza kwa kubanabana. Kinachomshinda ni mkupuo. Kwa hiyo mzazi akitaka kusaidia kweli, amsaidie mkupuo wa kwanza tu, tena kwa kukopesha. Kuanzia siku ya kuhamia, kijana anatenga 150,000 kila mwezi sehemu ambayo haigusi, iwe akaunti ya pembeni, iwe VICOBA, iwe upatu wa ofisini kama unaaminika. Miezi sita ikiisha, kodi inayofuata ipo. Na kama 150,000 haiwezekani kabisa, jibu si kumpigia mama. Jibu ni chumba kimoja cha bei ya chini, hata kama washikaji watakucheka kwamba umehamia mbali. Watacheka wiki mbili, watazoea.

Anayelipa ana ufunguo

Kwenye ndoa, hela ya mzazi haiji peke yake. Nina rafiki yangu wa kike ambaye baba yake alikuwa anawalipia pango la nyumba yeye na mumewe. Mzee alikuwa na nia njema tu. Lakini akija Jumapili anaamua kochi likae wapi, anauliza kwa nini hamjapata mtoto, na mkwe wake anaitikia "ndiyo baba" huku anameza mate machungu. Ungemwambia nini mwenye kulipa pango? Walipoanza kulipa wenyewe walihamia nyumba ndogo zaidi, na rafiki yangu ananiambia ugomvi ulipungua kuliko ukubwa wa nyumba ulivyopungua.

Mbaya zaidi ni kufanya siri kama nilivyofanya mimi. Mwenzio anapanga maisha kwa hesabu za uongo. Anadhani mnaweza kuchukua mkopo wa kiwanja, kumbe hata kodi hamjaiweza.

Neno kwa wazazi

Najua gazeti hili mnalisoma, mkilikuta mezani kwa watoto. Wazazi wangu, shikamooni. Hela yenu ya uzeeni haina nyingine nyuma yake. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kupandisha hadi asilimia 40 kwa baadhi ya makundi. Iwe 33 iwe 40, hela ile ni ya paa lako na dawa zako. Na fundi, mkulima au mama wa genge kama mama yangu hana hata huo mkupuo wa kungoja.

Ila msikate ghafla kwa hasira, siku mmeudhiwa. Kaeni na mtoto, mpeni tarehe. Anzeni na ndogondogo: vocha, king'amuzi, LUKU. Kodi iwe ya mwisho, na ajue miezi sita kabla. Msimtangaze kwa shangazi zake kwamba ameshindwa maisha. Na mtofautishe bili na balaa. Ugonjwa, kuachishwa kazi, msiba, hayo ni balaa, na hapo mlango wa nyumbani hauna kufuli. Bili ni kitu kinachorudi kila mwezi, unakijua tarehe yake.

Na wewe kijana, usisubiri kukatwa. Piga simu wewe mwenyewe useme, "Mama, kuanzia mwezi wa saba nitajitegemea." Utaona atakavyonyamaza kidogo. Kwetu sisi mambo hayaishii hapo, unajua tena. Bomba linalotoka kwa mzazi likifungwa, lingine linatakiwa lifunguliwe kutoka kwako kwenda kwake, hata kama ni shilingi 20,000 ya sukari. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, lakini anayetegemewa na mtoto mzima naye anaweza kufa kipofu. Mimi nilikaribia kulishuhudia hilo.

Ilikuwaje baadaye?

Mimi na mke wangu tuliweka mishahara yote miwili mezani, karatasi na kalamu. Viwanja nikavisahau kwa muda. Tulihama, tukaenda mbali kidogo, mahali ambapo maji yanatoka kwa siku zake. Hela iliyokuwa iende kwenye kodi mama aliitumia kwa jicho la kulia, na jicho la kushoto tulilipa sisi.

Kodi yetu ya kwanza tulipoilipa nilimpigia simu. Shikamoo, habari za kuku, halafu nikasema, "Mama, kodi tumelipa." Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Haya baba. Basi leo nimetunga uzi mwenyewe."

Sikuwa na la kuongeza, na mwezi huu sina la kuongeza pia. Ila wewe unayesoma ukiwa umekaa na mwenzio, mgeukie sasa hivi, mwambie ukweli kodi ya nyumba yenu inatoka wapi. Mkimaliza kununiana, chukueni karatasi na kalamu. Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa.