Watu wa Mtwara, Tuache Kungoja Meli

Ndugu zangu wa Mtwara, leo naomba tusemezane bila kuoneana haya. Mji wetu una tabia ya kungoja. Hatukuzaliwa nayo, tulifundishwa, na aliyetufundisha ni karanga.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ukaanza mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini, na ghuba yetu ikaonekana ina kina cha kupokea meli kubwa. Basi mji ukapimwa: barabara pana, Shangani huku, Ligula kule, na viwanja vya kuwatosha watu ambao hawajazaliwa. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, umekwisha kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Gati lenyewe lilikamilika 1954! Yaani chungu kimeinjikwa, kuni zimewaka, unga haukuletwa. Reli ya Nachingwea nayo ilifungwa mapema baada ya uhuru, vyuma vikang'olewa. Mpaka leo mgeni akitembea kwetu hushangaa jinsi nyumba zilivyoachana, utadhani zimegombana.

Tangu hapo macho yetu yako baharini. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay, upande wa Msimbati, mwaka 1982, nasi tukaingojea miaka ishirini na zaidi. Mwaka 2013 bomba la kwenda Dar es Salaam likaleta ghasia. Mali zikachomwa na watu wakafa. Sipendi kutonesha kidonda hicho, na waliodai kunufaika na mali iliyo chini ya miguu yao hawakukosea kudai. Lakini kumbukeni tulivyosema: mitambo ijengwe hapa, viwanda vije hapa. Vije! Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeugeuza msemo ule kuwa mpango wa maendeleo.

Mikindani haikuwa hivyo, nayo iko kilomita kumi tu na ushei kutoka mjini. Livingstone alipopita hapo mwaka 1866, akianza safari ambayo hakurudi hai, aliukuta mji una biashara yake tayari. Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1895 hawakuanzisha mji, waliukalia. Majahazi yalikuja kwa pepo zake kwa sababu misafara ya bara ilileta pembe na sandarusi. Ilileta na watu pia, wamefungwa minyororo, na hapo sitaki mtu aipambe Mikindani kwa maua. Mji ulijua kuuza, ukauza hata binadamu. Kwa hiyo siwaambii turudi kule. Nawaambia tutazame mambo mawili kwa pamoja: kama tuna kitu gatini, na kitu hicho kinaondoka kikiwa katika hali gani.

Kitu tunacho. Mkorosho uliletwa pwani hii na Wareno, lakini aliyeufanya kuwa maisha ni mkulima wa Newala, Tandahimba na Masasi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000, sehemu kubwa zikitoka kusini. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, bei ikamkatisha mkulima tamaa, na mavuno yakaporomoka. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo vikakosa kazi. Vingi vikageuka maghala. Leo mavuno yamerudi, ila korosho nyingi zinapakiwa ghafi, na maganda yake, zikabanguliwe India na Vietnam. Karanga hazikuja, na korosho tunazisindikiza.

Nendeni mkamtazame mama anayebangua nyumbani. Anazichoma kwenye bati lililotobolewa, moshi unamwandama kila anakohamia. Anapaka vidole majivu, maana mafuta ya ganda yanababua ngozi mpaka inachunika. Anaweka moja juu ya jiwe, anagonga kwa kijiti, si kwa nguvu, kwa kipimo. Kiini kikipasuka, bei imeanguka. Kisha anamenya ngozi nyembamba kwa ukucha. Yule mama anakijua kiwanda kuliko wengi tunaotoa hotuba kuhusu viwanda. Anachokosa ni jiko lisilomuua kwa moshi, glavu, mashine ndogo ya kukatia, na mtu wa kumkopesha korosho za msimu mzima, maana akinunua kidogo kidogo, ghafi huwa imekwisha mapema.

Sasa nawageukia wazee wa ushirika. Mnapokaa mnadani mkishangilia bei, tengeni fungu libaki hapa libanguliwe, hata liwe dogo la kuchekwa. Nanyi madiwani, mali yetu si korosho tu: nyumba za mawe na chokaa za Mikindani zinaanguka dari baada ya dari, na boma lilikuwa gofu vilevile kabla halijakarabatiwa likawa hoteli. Mwacheni fundi aliyebaki wa chokaa afundishe vijana wawili watatu akiwa bado na nguvu za kupanda ngazi. Vijana nanyi, mkikutana barazani msiulizane tena bomba linalofuata litapita wapi.

Minada hufunguliwa Oktoba. Mwenye ghala tupu na mwenye mikono wana miezi michache ya kutafutana.