Dini Isiyo na Mwalimu

Huko Uingereza na Marekani wako vijana waanzao dini ya Wicca peke yao: kitabu, mshumaa, ubani na mwezi mpevu, kisha kijana hujitangaza mwenyewe kuwa ameingia. Wengi huambiwa kuwa hiyo ni dini kongwe ya Ulaya, iliyoutangulia Ukristo. Madai hayo tunayakataa, tena kwa historia yao wenyewe.

Aliyeitangaza ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyekuwa afisa wa forodha Malaya. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa Uingereza mwaka 1951. Kitabu chake kikatoka 1954. Mwanahistoria wa huko huko, Ronald Hutton, alibainisha mwaka 1999 kwamba dini hii ni zao la zama zetu. Je, huo ndio ukongwe?

Kwa Gardner hakuingia mtu ila kwa mkono wa aliyemtangulia. Kufikia 1988, Scott Cunningham wa Marekani anamfundisha msomaji kujiingiza mwenyewe. Miaka 34 tu, na mlango umekwisha kuhamishwa!

Hatusemi kwamba wanamwabudu Shetani. Hata kuwapo kwake hawakukubali, na kuwasingizia ni dhulma. Twauliza hili: ajiingizaye mwenyewe akikosea, nani atamrudi? Mtoto wa chuoni hasomi hata Al-Fatiha ila mwalimu amsikilize herufi kwa herufi. Kijana yule, ambaye pengine ni upweke uliomtoa kutafuta, ameachiwa duka la vitabu liwe sheikh wake.