Lida ya kusokotwa haifai kila mahali

Ndugu mwandishi, katika makala yako umezisifu mno lida za kusokotwa, yaani vile vipande vinavyounganisha mshipi na nzi bandia. Kwenye mito kama Gura kule Aberdare, ambako trauti walipandikizwa mwaka 1905, nakubaliana nawe: maji ni finyu, vichaka vimeinama, mrusho ni mfupi. Lida ya nyuzi laini haijikunji kama nailoni iliyolala kwenye gurudumu la mshipi, na inamlaza nzi bandia majini taratibu.

Lakini uzi hunywa maji. Usipoupaka mafuta ya kuelea, kila mrusho unamnyunyizia matone samaki uliyemvizia, naye hasubiri. Paka kwa vidole tangu kwenye kitanzi kinene hadi nchani, kisha futa yaliyozidi. Lida ikilowa, ikung'ute pembeni, mbali na shabaha.

Kwa chambo cha kuzama mimi siitumii lida ya uzi kabisa, maana iliyopakwa mafuta inakizuia kushuka. Tafuta ya fluorokaboni, au rudi kwenye nailoni ya kawaida.

Halafu tipeti, ule uzi mwembamba kati ya lida na nzi bandia, hukuigusa, na ndiyo inayokatika! Funga kipete kidogo cha chuma nchani, usiwe unaila lida kila ubadilishapo tipeti. Na kwa kuwa lida hizi huvutika kama mpira, ndoano ikinasa mtini usivute kwa fimbo, itakurukia usoni. Shika mshipi mkononi, geuza uso, ndipo uvute. Wageni wa uvuvi huu waambie hilo kabla ya kuwatajia bei ya lida.