Kipimo cha CD4 kisiachwe kife Homa Bay na Migori

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Waliyalenga mashamba, mifugo na biashara, lakini nionavyo mimi maneno yao yanaihusu pia damu ya mwanadamu. Wako watu katika kaunti za Homa Bay na Migori ambao askari wa miili yao wanapungua mwezi baada ya mwezi pasipo mtu yeyote kuwahesabu. Habari hupatikana wodini, siku mgonjwa anapofikishwa akiwa hawezi tena kuinua kichwa. Kipimo cha kuwahesabu askari hao kipo, kinajulikana na kimetumiwa nchini kwa miaka mingi. Jambo la kusikitisha ni kwamba tumekiacha kififie.

Kipimo ninachokizungumzia ni kile cha chembe za CD4. Hakuna sehemu ya nchi hii yenye haki zaidi ya kukidai kuliko kaunti hizo mbili za ziwani. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Katika Homa Bay kiwango kilikuwa asilimia 19.6, na Migori kilikaribia asilimia 13. Huko Ndhiwa, uchunguzi uliofanywa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 2012 ulikuta asilimia 24.1, yaani karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne.

Yafaa kwanza ieleweke kinachopimwa, kwa maana wananchi wengi wamelisikia jina la CD4 kliniki bila kuelezwa maana yake. CD4 ni protini iliyo juu ya ngozi ya baadhi ya chembe nyeupe za damu, zile zinazoongoza ulinzi wa mwili dhidi ya maradhi. Protini hiyo inayo kazi yake ya halali. Lakini virusi vya UKIMWI huitumia kama mlango: huishika, hujibandika, kisha huingia ndani ya chembe na kuiharibu. Wataalamu huiita protini ya namna hii kipokezi, kwa kuwa ndiyo inayompokea mgeni, awe mwema au mwovu.

Mlango huo ni mdogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuuona hata kwa darubini ya kawaida. Uliweza kutambuliwa kwa msaada wa kingamwili zinazotengenezwa maabara. Kingamwili ni silaha za asili ambazo mwili huziunda ili kushika kitu kimoja mahususi na kukiacha kingine chochote. Mwaka 1975, huko Cambridge nchini Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waligundua namna ya kuunganisha chembe ya panya inayounda kingamwili na chembe ya saratani isiyokoma kuzaana. Matokeo yake yalikuwa kiwanda kidogo kilicho hai, kinachotoa kingamwili za aina moja tu bila kikomo. Ugunduzi huo haukuwekewa hataza, na mwaka 1984 ukawapatia Tuzo ya Nobel.

Mwaka huo huo wa 1984, ambao ndio kisa cha kwanza cha UKIMWI kilitambuliwa nchini Kenya, makundi mawili ya watafiti, moja la London na jingine la Paris, yalitangaza kwamba CD4 ndiyo mlango wa virusi. Walijuaje? Walizifunika chembe kwa kingamwili zinazoishika CD4, wakaona virusi vimeshindwa kuingia. Kingamwili hizo hizo ndizo zilizoziwezesha maabara zetu kuhesabu. Damu ya mgonjwa huchanganywa na kingamwili zilizotiwa rangi inayong'aa. Hizo hujishikiza kwenye CD4 peke yake. Kisha chembe hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza, na mashine huhesabu zile zinazong'aa.

Kwa kawaida mtu mwenye afya huwa na chembe kati ya 500 na 1500 hivi katika mikrolita moja ya damu, ambayo ni chini sana ya tone. Zikishuka chini ya 200, ulinzi umevunjika. Kifua kikuu, homa ya mapafu na kuvu inayoshambulia utando wa ubongo hupata njia wazi.

Mwaka 1996 ilibainika kwamba virusi huhitaji mlango wa pili, kipokezi kiitwacho CCR5, na kwamba watu wachache wamezaliwa na kasoro inayouziba mlango huo kabisa. Kasoro hiyo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya; miongoni mwa Waafrika karibu haipo. Kwa hiyo mvuvi wa Mbita au mkulima wa miwa wa Awendo asitegemee bahati ya kuzaliwa. Ulinzi wake ni kujikinga, na akiambukizwa, ni dawa na kipimo.

Sasa tuulize: kipimo kizuri namna hii kilisahauliwaje? Jibu lake, kwa ajabu, limo ndani ya habari njema. Zamani dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa haba, na idadi ya CD4 ndiyo iliyoamua nani apewe na nani angoje. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa zianzwe chembe zikifika 350. Mwaka 2013 likapandisha kiwango hadi 500. Mwaka 2015 likasema kila aliyeambukizwa aanze dawa bila kungoja hesabu yoyote. Kenya ilifuata mwaka 2016. Uamuzi huo ulikuwa wa busara na umeokoa watu wengi. Lakini bawabu alipoondolewa langoni, wengi walidhani hana kazi nyingine nyumbani. Wafadhili walielekeza fedha zao kwenye kipimo cha wingi wa virusi, na kile cha CD4 kikabaki yatima.

Dhana hiyo imekanushwa na Homa Bay yenyewe. Hospitali ya umma ya mji huo ilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini kutoa dawa hizi bila malipo, mwaka 2001, kwa ushirikiano na Madaktari Wasio na Mipaka. Mtu angetarajia kwamba baada ya miaka hiyo yote wanaolazwa wakiwa mahututi wangekuwa wale tu ambao hawajawahi kupimwa wala kutibiwa. Sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wagonjwa waliolazwa Homa Bay na Kinshasa ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya waliofika na ugonjwa uliokithiri walikuwa wamekwisha kuanza dawa zamani. Baadhi yao waliziacha. Kwa wengine dawa zilishindwa kazi.

Anayeyajua maisha ya ukanda huo hatashangaa. Mvuvi hufuata samaki kutoka Remba hadi Mfangano, na kesho yuko Muhuru Bay. Mchimba dhahabu wa Macalder huhama shimo linapokauka. Mfanyabiashara wa Isebania hulala leo Kenya, kesho Tanzania. Watu wa namna hii hukosa tarehe ya kliniki, dawa huwaishia, miezi hupita. Siku wanaporudi hupewa dawa tena, nalo ni jambo jema. Lakini pasipo hesabu ya CD4, mhudumu hawezi kumtofautisha aliyerudi akiwa na chembe 600 na aliyerudi akiwa na 60. Wote wawili huenda wameingia kwa miguu yao wenyewe, wakisalimia na kucheka. Mmoja anaweza kuwa kaburini baada ya majuma machache.

Najua hoja inayotolewa dhidi ya maneno yangu. Wapo wanaosema kipimo cha wingi wa virusi chatosha. Siidharau hoja hiyo, kwani kipimo hicho ndicho bora kwa kujua kama dawa inafanya kazi. Lakini hutueleza idadi ya adui, wala hakitwambii askari wangapi wamesalia ngomeni. Isitoshe, kwa anayeanza dawa hupimwa baada ya miezi kadhaa, ili dawa ipewe muda wa kufanya kazi. Homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu haingoji miezi kadhaa.

Tena hesabu ya CD4 si pambo la kujaza faili. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima mwenye chini ya 200 apewe huduma maalumu: apimwe damu ili kutafuta dalili za kuvu kabla haijafika ubongoni, apimwe mkojo kutafuta kifua kikuu, apewe dawa za kuzuia maradhi nyemelezi, na afuatiliwe kwa karibu. Vipimo hivyo viwili navyo hutumia kingamwili, katika ukanda mdogo unaosomwa mezani. Lakini hakuna atakayejua wa kumpa huduma hiyo ikiwa hesabu ya kwanza haikufanywa.

Yako matatizo ya kweli, nami siyapuuzi. Kingamwili ni protini: joto huziharibu, na nyingi haziruhusiwi kuganda. Huagizwa kutoka ng'ambo, hutunzwa kwenye jokofu, na umeme ukikatika usiku kucha hasara ni kubwa. Damu nayo haina budi kufika kwenye mashine kwa siku moja au mbili, nayo njia ya kutoka visiwani ni mashua. Hata hivyo siku hizi kipo kipimo cha ukanda ambacho hakihitaji umeme wala mashine. Tone la damu ya kidole hutosha, na kwa muda wa dakika 40 hivi huonyesha kama chembe ziko juu au chini ya 200. Hakitoi idadi kamili, lakini kwa zahanati ya kisiwani swali hilo moja ndilo lenye uzito.

Linabaki suala la fedha. Kwa zaidi ya miaka ishirini tumezoea kutibiwa kwa mkono wa mgeni. Mwezi Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafunga shughuli zake. Hapana aliyeachwa asijue maana ya kutegemea cha mwenzio. Tangu mwaka 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti. Magavana na mabunge ya kaunti hizi mbili ndio wenye dhima, na hawawezi kuendelea kuelekeza kidole Nairobi au Washington kila vitendanishi vinapokwisha.

Ninayoyaomba si makubwa. Kwanza, kila anayegunduliwa kuwa na virusi, kila anayerudi baada ya kukatiza dawa, na kila ambaye virusi vyake vimepanda akiwa kwenye dawa, apimwe CD4 siku hiyo hiyo. Pili, vipimo vya ukanda vipelekwe kwanza visiwani, ufuoni na mipakani, na mashine zilizopo hospitalini zitengenezwe na zipatiwe majokofu yenye umeme wa akiba. Tatu, fedha za vitendanishi ziandikwe katika bajeti ya kaunti kwa jina lake, ili mwakilishi wa wadi aweze kuziulizia na mwananchi aweze kuziona. Nne, dawa na vipimo vinavyofuata baada ya hesabu ndogo viwepo hapo hapo, maana kumwambia mtu kwamba ulinzi wake umevunjika kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu ni ukatili.

Kwa ndugu zangu wanaoishi na virusi nina neno moja pia. Mficha maradhi kifo humfichua. Ikiwa uliacha dawa, rudi. Wala usione haya mbele ya mhudumu yeyote. Na ukirudi, uliza kwa adabu lakini bila woga: "Chembe zangu ni ngapi?" Ukiambiwa hakuna kipimo, muulize mwakilishi wako wa wadi sababu.

Ndhiwa imekwisha kutuonyesha kwamba juhudi hazipotei. Uchunguzi uliorudiwa huko mwaka 2018 ulionyesha kwamba walio wengi miongoni mwa walioambukizwa wanaijua hali yao, wanatumia dawa, na virusi vyao vimefifishwa. Waliobaki nyuma ni wachache kuliko zamani, nao ndio wanaozikwa. Hao hawawezi kutafutwa kwa kubahatisha. Daftari lao lifunguliwe tena, na lisifungwe kwa sababu tu aliyekuwa akilipia wino ameondoka.