Wafundisheni kuomba kazi, si sarufi tu

Huku Kayole na Umoja, Nairobi, wengi wanaokwenda madarasa ya watu wazima (ngumbaru) wana ufundi tayari: kushona, kupika, kuchomelea vyuma. Kinachowafungia mlango ni dakika chache za mahojiano kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini waajiri wengi bado hutaka barua na wasifu kwa Kiingereza. Basi mwanafunzi afunzwe kueleza kwa Kiingereza kazi aliyowahi kufanya, kuulizia mshahara na kumkatalia anayedai hongo ili amwajiri. Wakimbizi wa Eastleigh waelekezwe pia jinsi ya kuomba kibali cha kazi cha daraja M. Walimu wetu, tafadhali anzeni muhula huu.